Jasho Katika Shamba la Mwingine



Liko jambo limeingia katika ofisi zetu nyingi, nasi twaona haifai kulinyamazia. Karani akiisha kutia saini kitabu cha mahudhurio huonyeshwa picha za motokaa na nyumba nzuri, akaelezwa habari za biashara iitwayo ya mtandao. Huambiwa alipe kiingilio, anunue mzigo wa sabuni, dawa za meno na vidonge vya afya, kisha awatafute wenzake nao wafanye vivyo hivyo. Akijitahidi, huahidiwa, baada ya mwaka mmoja au miwili mshahara wa Serikali utakuwa kwake kama fedha ya kununulia chumvi.

Wanaoleta habari hizi si wahuni. Ni wenzetu, watu wa heshima, na wengi wao wafanya kazi hiyo kwa bidii ya kweli, jioni baada ya saa za ofisi na siku za mapumziko. Kwa sababu hiyo twataka kueleza, pasipo kumtukana mtu yeyote, kwa nini bidii yao ni nadra kupata malipo.

Wahenga walisema, Mchumia juani hulia kivulini. Maneno hayo ni kweli, ila yana sharti lake: shamba liwe ni la mchumaji. Mkulima akilima eka ya pili hapunguzi mavuno ya eka ya kwanza. Fundi wa cherehani akishona vizuri, wateja humzidi. Bali katika biashara hii, kila mara mwenye bidii anapomwandikisha mtu, amemgeuza mteja wake kuwa mshindani wake, naye atauza bidhaa zilezile, kwa bei ileile, katika mtaa uleule. Kadiri anavyojitahidi, ndivyo anavyojibania soko.

Sisi makarani twaishi kwa hesabu, basi na tuhesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila mwanachama wa biashara hiyo sharti anunue bidhaa za shilingi 60,000 kila mwezi ili asifutwe katika daftari, na kwamba hupewa sehemu 10 katika kila 100 ya manunuzi ya wale aliowaandikisha. Akiwa na watu 3, atapata shilingi 18,000, na hali ametoa 60,000. Ili fedha iingiayo ilingane na itokayo, sharti apate watu 10. Na hao 10, ili nao walingane, wahitaji watu 100. Na hao 100 wahitaji 1,000. Kwa hiyo mmoja hawezi kufika usawa mpaka kumi wawe wamepungukiwa chini yake. Hata wakisema kwamba ngazi ya pili na ya tatu nazo hulipa, fedha hiyo haitoki mahali pengine ila katika mifuko ya wale wa chini.

Mtu atajibu, Lakini bidhaa zipo, na aziuze. Vema. Ila bei ya bidhaa hizo imebeba ndani yake malipo ya watu wa ngazi zote za juu. Jirani akienda dukani hupata sabuni ifanyayo kazi ileile kwa bei nafuu. Atanunua mara moja kwa kuona haya, na mara ya pili hatarudi. Ndipo makatoni yajaapo uvunguni mwa kitanda.

Tena tazameni mwisho wa ngazi. Kila mtu akiandikisha watu 6 tu, ngazi ya kumi chini ya yule wa kwanza itahitaji watu 60,466,176, na jumla ya wote itakuwa 72,559,411.  Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Tanzania nzima, pamoja na vichanga, watu 61,741,120. Na popote ngazi zikomapo, katika kila watu 6 karibu 5 wako ngazi ya mwisho, wala hawana mtu chini yao. Hao hawakukosa kwa uvivu. Walikosa kwa kuwa walifika baadaye, na mtu hawezi kujitahidi mpaka akawahi jana.

Isidhaniwe kwamba twaupiga vita upatu wa mama zetu. Katika upatu ule watu kumi hutoa sawasawa, na kila mmoja hupokea kwa zamu yake. Hesabu hufungwa, wala hahitajiki mtu wa kumi na moja. Hii nyingine haifungwi kamwe.

Nchi nyingine zimekwisha pita njia hii. Huko Marekani, tume ya serikali inayosimamia biashara iliamua mwaka 1979 kwamba kampuni ya Amway haikuwa mpango haramu, kwa kutazama kanuni zake za kuuza kwa wateja wa kweli na kurudisha bidhaa zisizouzika. Lakini mwaka 2016 tume hiyo hiyo iliidai kampuni ya Herbalife, ikapatana nayo ilipe dola 200,000,000 na kubadili namna ya kuwalipa watu wake. Na mwaka 2017 hundi zilipelekwa kwa watu wapatao 350,000. Kwetu Tanzania, wengi wenu mwaikumbuka DECI, iliyozuiwa mwaka 2009. Ile haikuuza hata sabuni. Watu walipanda fedha waziitazo mbegu, na mavuno ya waliotangulia yalikuwa mbegu za waliofuata.

Yako mambo mawili yanayotuhusu sisi hasa. La kwanza ni cheo. Mkuu wa idara akimwita karani wa chini amwandikishe, je, karani huyo aweza kukataa kwa moyo mweupe, hali akijua kwamba ripoti yake ya mwaka huandikwa na mkono uleule? La pili ni mkopo. Wako waliokopa katika vyama vya akiba na mikopo ili kununua mzigo. Wakishindwa kulipa, hukatwa mshahara wa mdhamini, ambaye hakuahidiwa motokaa wala nyumba. Yeye alitia saini kwa udugu tu.

Kwa hiyo twaishauri Kamati itoe agizo kwamba mikutano ya chama isitumiwe kuandikisha watu katika biashara za namna hii, na kwamba mkubwa asimwendee mdogo wake wa kazi kwa jambo hilo. Na kila mwanachama atakayeletewa karatasi aulize maswali matatu. Je, nikiuza bila kuandikisha mtu, nitapata faida? Je, nikiwa na bidhaa zisizouzika, zitapokewa na fedha yangu kurudishwa? Je, wewe uniitaye, mwaka jana uliingiza kiasi gani na kutoa kiasi gani, kwa maandishi? Asiyeweza kujibu la tatu, na ahurumiwe, asifuatwe.

Na wale waliokwisha kuingia wasione haya kutoka. Watakaoambiwa kwamba wameshindwa kwa kukosa bidii, na wakumbuke hesabu iliyo juu, waweke kalamu kwenye karatasi, na waihakikishe wenyewe.