Programu za watoto wenye usonji: mtumiaji haulizwi

Biashara ya programu za kompyuta kwa watoto wenye usonji ina kasoro moja: mara nyingi huulizwa mzazi na mwalimu, ambao ndio wanunuzi, mtoto akaachwa. Ni kama kuunda jembe bila kumwuliza mkulima.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walieleza njia waliyoiita IDEAS, inayowaingiza watoto hao katika ubunifu wenyewe. Ratiba hubandikwa kwa picha ili mtoto ajue kinachofuata, na kazi hugawanywa hatua ndogo ndogo.

Njia hiyo hula muda, na muda ni fedha. Hata hivyo, mlio mmoja tu unaomkera mtoto watosha kuifanya programu iliyokwisha kulipiwa ikae bure. Mzazi, kabla ya kulipa, omba mtoto aijaribu.