Maji Yavujayo Usiku

Haba na haba hujaza kibaba. Tone na tone hukausha tangi. Koki idondoshayo tone moja kila sekunde hupoteza matone 86,400 kwa siku. Hapa Babati, maji hayo yangemfaa jirani asubiriye bombani na ndoo yake. Basi uvujaji ni suala la haki.

Jioni maji yatokapo, tangi likiwa limejaa, fungeni koki zote, mwandike tarakimu za mita. Alfajiri, kabla ya kuchota, zisomeni tena. Zikiwa zimesogea, maji yanavuja. Mwenye nyumba na atengeneze, asiwatwishe wapangaji ankara ya maji wasiyoyatumia. Nasi viongozi wa jumuiya ndogondogo tuanzie nyumbani kwetu.