Bei ya mafuta isiishie kwenye sheli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu bei ya petroli na dizeli. Suala hili limeandikwa sana na ndugu zetu wa mijini, lakini sisi wakulima wa mpunga wa huku Mngeta, katika bonde la Kilombero, sauti yetu haijasikika vya kutosha.

Wapo wanaosema Serikali ijitoe kabisa katika biashara ya mafuta, ati ushindani wenyewe utashusha bei. Wapo pia wanaosema Serikali iyachukue mafuta yote iyauze yenyewe kama zamani. Mimi naona wote wawili wamekosea. Serikali iendelee kusimamia bei, lakini mkono wake ufike mpaka kijijini.

Nianze na hao wanaotaka soko liachiwe lenyewe. Jambo hilo tumekwisha kulijaribu. Biashara ya mafuta ilifunguliwa mwaka 2000, makampuni yakawa yanajipangia bei, na malalamiko ya wananchi hayakwisha mpaka EWURA ilipoanza kutangaza bei za kikomo mwaka 2009. Agosti 2011, EWURA iliposhusha bei, wafanyabiashara waligoma kuuza, sheli zikakauka na suala likafika Bungeni. Sasa mtu anayeweza kuwanyima mafuta wananchi kwa sababu tu hakuipenda bei, je, ni wa kuachwa bila msimamizi? Mafuta si nyanya, kwamba za huyu zikiwa ghali utakwenda kwa yule au utakula mchuzi bila nyanya.

Ama hao wanaotaka turudi zamani, sisi wenye umri tunakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Nchi ilikuwa imetoka vitani, fedha za kigeni hazikuwapo, na magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kubana matumizi ya mafuta. Bei ilipangwa vizuri kwenye karatasi, lakini mafuta yenyewe yalikuwa ya kutafuta. Bei nafuu ya kitu kisichokuwapo haimsaidii mkulima.

Najua pia kwamba EWURA haina uwezo wa kushusha bei ya dunia. Mafuta yetu yanatoka nje kwa meli. Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, bei ilipanda hata huku bondeni kwetu. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni 2022, na ruzuku hiyo ikaendelea miezi iliyofuata. Kwa hilo tunaishukuru.

Lakini, Ndugu Mhariri, dukuduku langu ni hili: faida ya bei ya kikomo inaishia kwenye sheli. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei mpya, kila wilaya na bei yake, gharama za usafiri kutoka bandarini zikiwa zimekwisha hesabiwa. Mwenye gari mjini husoma bei hiyo kwenye ubao wa sheli na kudai risiti yake. Sisi tulio mashambani, mbali na barabara kuu, tunanunua mafuta kwenye chupa za maji na madumu. Chupa haina ubao wa bei, haina risiti, na wakati mwingine haijai.

Msimu mmoja wa kulima nilinunua lita 20 za dizeli kwa ajili ya pawatila. Mvua zilikuwa zimeanza, njia imeharibika, na kusubiri wiki nzima kungenikosesha msimu. Nilitozwa shilingi 700 zaidi ya bei ya kikomo kwa kila lita, yaani shilingi 14,000 zilizotoka mfukoni mwangu bila sababu. Fedha hizo zingemlipa kibarua wa kupalilia. Na mwenye mashine ya kukoboa naye akinunua kwa bei hiyo, anapandisha malipo ya kukoboa. Mwenye bodaboda naye hivyo hivyo. Mwisho mzigo wote unarudi kwenye gunia la mpunga, wakati bei ya mpunga hapangi mkulima.

Sisemi kwamba vijana wanaouza chupa ni wahalifu wote. Wanatufikia mahali ambapo mwingine hafiki, nao wana gharama zao. Lakini kuweka petroli ndani ya nyumba penye jiko na watoto ni hatari kubwa. Sisi watu wa Morogoro hatujasahau moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Agosti 2019, uliowaua watu zaidi ya 100.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mikopo nafuu ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, kwa ajili ya kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini, vyama vyetu vya msingi vya ushirika visaidiwe kuiomba. Kituo kikiwa cha wakulima wenyewe, ulanguzi utakosa mahali pa kusimama. Pili, bei ya kikomo ibandikwe kila mwezi kwenye ofisi ya kila kijiji, na Afisa Mtendaji apewe namba ya kupeleka malalamiko. Mtu asiyejua bei halali hawezi kudai haki yake. Tatu, wanaoficha mafuta wakingojea Jumatano bei ipande waadhibiwe bila kuoneana haya. Mwaka 2023 EWURA ilivifungia baadhi ya vituo kwa kosa hilo, na tulifurahi. Ukaguzi huo usiishie kwenye miji mikubwa.

Wapo watakaosema haya yote ni gharama kwa Serikali. Nami nawakumbusha kwamba katika kila lita ninayonunua nalipa tozo ya barabara, ingawa pawatila langu linashinda kwenye matope ya jaruba na barabara halijui. Tozo nalipa sawasawa na mwenye gari wa Dar es Salaam. Naomba basi na ulinzi wa bei niupate sawasawa naye.

Bei ya kikomo ni jambo jema, ila kikomo hicho kisiwe mwisho wa lami.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkulima wa Mpunga,
Mngeta, Morogoro.