Imani Itibu, Ruzuku Ifike
Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali ya Tanzania na makanisa yalithibitisha kwamba hospitali za misheni, zikiwemo Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, ni nguzo ya tiba nchini. Hospitali teule, yaani ya kanisa iliyopewa jukumu la hospitali ya wilaya, humpokea mjamzito Mwislamu sawa na Mkristo, kwa kuwa sala ya asubuhi wodini si sharti la kupata dawa. Hata hivyo, imani pekee hailipi mishahara wala hainunui vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabara. Hivyo Serikali ilipe ruzuku kwa wakati, nayo makanisa yaweke hesabu wazi, ili maskini asirudishwe getini.