Mzigo wa Ngamia Utunzwe

Mwezi wa Oktoba 1996, Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka mjini Garissa. Wakazi wengi wa nchi ile ni wafugaji wanaohama kufuata maji na malisho, na mchanga wa njia zake huzishinda motokaa. Ngamia walibeba vitabu katika masanduku, pamoja na hema na majamvi ya kukalia, na watoto wakasoma mahali pasipo na nyumba ya maktaba.

Kitabu kilichosafirishwa kwa taabu kama hiyo chastahili heshima. Adui zake ni wengi: jua hupausha jalada, vumbi hukwaruza karatasi, mchwa hula bila kuonekana. Kwa hiyo yampasa mtunza maktaba kufunga masanduku barabara, kuweka rafu mbali kidogo na ukuta, na kupangusa vitabu kwa kitambaa kikavu. Kitabu kilicholowa kisianikwe juani. Kiwekwe kivulini penye upepo, na karatasi kavu zitiwe kati ya kurasa.

Msomaji naye ana wajibu wake. Anawe mikono na kuikausha. Asilowanishe kidole kwa mate ili kufunua ukurasa, wala asikunje pembe yake. Kipande cha karatasi chatosha kuwa alama. Akitoa kitabu rafuni, akishike katikati ya mgongo, asivute ncha ya juu. Kikichanika, asikibandike kwa utepe wa gundi, kwa kuwa gundi hiyo hugeuka manjano na kuharibu karatasi. Akirudishe na kusema kweli, kitengenezwe mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa mtunza maktaba na awe na busara. Mtoto akikemewa mbele ya wenzake kwa ukurasa mmoja, huenda safari nyingine akauficha uharibifu, au asiazime tena. Afadhali aonyeshwe namna ya kushika kitabu kabla ya kukabidhiwa. Kitabu kilichofungiwa sandukuni hakichakai upesi, lakini pia hakimfundishi mtu.

Aliye mjini akipoteza kitabu huweza kutafuta kingine dukani. Aliye mbali nyikani, ukurasa uliong'olewa na mwenziwe humkatia hadithi katikati, na hana pa kuusomea mwisho wake.