Meno ya Mgonjwa wa Selimundu

Katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania yupo mwanafunzi ambaye mara kwa mara hukosa masomo kwa sababu ya maumivu makali ya mifupa, ambaye macho yake yana umanjano, na ambaye kimo chake ni kidogo kuliko cha wenzake. Walimu wengi wanaujua ugonjwa wake kwa jina: ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Inakadiriwa kwamba wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya damu yao, wengu wao na mifupa yao. Juu ya meno yao yamesemwa machache mno, na ukimya huo una madhara.

Chanzo cha ugonjwa kinajulikana vema. Mwaka 1910 James Herrick, tabibu wa Chicago, alieleza habari za mgonjwa ambaye chembe nyekundu za damu yake zilikuwa zimepinda mfano wa mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo katika hemoglobini, na miaka michache baadaye Vernon Ingram alibainisha kwamba asidi amino moja tu imebadilika: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaliwa na valini. Hemoglobini hiyo inapopungukiwa na oksijeni hugandamana, na chembe iliyoibeba hupinda na kukakamaa. Badala ya kuishi siku 120 kama chembe ya kawaida, huishi siku 10 hadi 20, na katika maisha hayo mafupi huweza kuziba mishipa midogo ya damu. Pale inapoziba ndipo pauma.

Sasa na tulitazame jino. Mwalimu wa biolojia anapochora umbo lake ubaoni huonyesha katikati chumba chenye kiini, yaani neva na mishipa ya damu, nacho kimezungukwa pande zote na kuta ngumu. Damu huingia humo kupitia tundu jembamba sana lililo kwenye ncha ya mzizi. Kiungo kingine kikikosa damu huweza kuvimba, au kupata msaada kutoka mishipa ya jirani; kiini cha jino hakina nafasi ya kuvimba wala hakina njia kubwa nyingine. Kwa hiyo chembe mundu zikikusanyika hapo, jino huuma vibaya, na pengine kiini hufa kabisa, ilhali jino lenyewe ni jeupe na zima, halina hata doa. Taya la chini nalo lina udhaifu wa namna hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya damu yake hutegemea mshipa mmoja mkuu kila upande. Ndiyo maana lenyewe huathirika zaidi kuliko la juu. Wako wagonjwa ambao baada ya maumivu ya taya hubaki na ganzi ya kidevu na mdomo wa chini kwa majuma au miezi kadhaa, kwa sababu neva ipitayo ndani ya mfupa imeumia.

Hapa ndipo makosa mawili yanapotokea. La kwanza ni kung'oa jino zima. Mgonjwa hufika akiwa ameshika shavu, huonyesha mahali panapouma, na gego hung'olewa; kesho yake maumivu yako palepale, na gego la jirani linaanza kushukiwa. La pili ni kinyume chake: kila maumivu ya taya husemwa kuwa ni selimundu ile ile, mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza na kurudishwa nyumbani, kumbe jino limetoboka na usaha unakusanyika chini ya mzizi. Chanzo cha makosa yote mawili ni kimoja. Aghalabu anayetibu damu hafungui kinywa cha mgonjwa, na anayetibu meno haulizi habari za damu. Lakini kutofautisha hali hizo mbili si jambo la miujiza. Hutakiwa kugonga jino taratibu, kulijaribu kwa baridi, kutazama ufizi kama umevimba, kupiga picha ya eksirei, na kumwuliza mgonjwa kama mgongo na miguu pia vinamwuma.

Yafaa ieleweke kwamba selimundu yenyewe haiozeshi meno. Meno huozeshwa na bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi, na ufizi huugua kwa sababu ya ukoga ulioachwa shingoni mwa jino, kama ilivyo kwa watu wote. Tofauti iko katika yatokeayo baadaye. Wengu wa mgonjwa wa selimundu huharibika tangu utotoni, na hivyo mwili hupoteza kinga yake muhimu dhidi ya baadhi ya bakteria. Jipu la jino ambalo kwa mwenziwe ni usumbufu wa juma moja, kwake huweza kuleta homa, upungufu wa maji mwilini, na kisha shambulio la maumivu mwili mzima. Au bakteria huweza kuingia katika mfupa wa taya uliokwisha kufa kwa kukosa damu, na matibabu yake huwa marefu.

Wazazi wengi huogopa kumpeleka mtoto kama huyo kwa daktari wa meno, na baadhi ya matabibu nao huogopa kumpokea. Hofu hiyo ina msingi, lakini imeelekezwa pasipostahili. Kung'olewa jino lililooza kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa hana shambulio, amepumzika, amekunywa maji ya kutosha, hana baridi, na daktari wake wa damu anayo habari, ni kazi ambayo hufanyika kwa usalama. Lenye hatari ni kungoja hadi shavu livimbe, ikahitajika nusukaputi usiku wa manane, wakati oksijeni ikipungua kidogo tu chembe huanza kupinda.

Kuna desturi moja isiyoweza kupitwa kimya. Tangu miaka ya 1980 imeenea imani kwamba homa na kuharisha kwa mtoto mchanga huletwa na ‘meno ya nailoni’, na wako wanaokwangua ufizi wa mtoto na kuyatoa meno ya chonge kabla hayajaota, kwa chombo kisicho safi. Mtoto mwenye selimundu hupata homa mara nyingi, hivyo ni rahisi kwake kuwa miongoni mwa wanaofanyiwa hivyo. Hupoteza damu asiyo nayo ya ziada, na hutiwa vidudu asivyo na wengu wa kupambana navyo.

Shuleni lipo jambo jingine. Uboho wa mgonjwa hulazimika kutengeneza chembe nyingi kufidia zinazokufa, nao hupanuka hata ndani ya mifupa ya uso. Taya la juu hutokeza mbele na meno huachana. Wanafunzi humpachika mwenzao majina, naye hujifunza kufumba mdomo, hata mbele ya daktari. Mwalimu akieleza sababu hiyo katika somo la damu, bila kumtaja mtu, atakuwa amefanya kazi ya tiba.

Kadhalika ipo huruma inayodhuru. Mtoto anayeugua daima hubembelezwa kwa pipi na soda. Ni kweli ameagizwa kunywa sana, lakini kilichoagizwa ni maji. Baadhi ya dawa za maji za watoto nazo zina sukari, na zinazotolewa usiku baada ya mswaki hubaki kinywani hadi asubuhi. Mswaki mara mbili kwa siku, wa dukani wenye dawa yenye floridi, humfaa kuliko matibabu mengi ya baadaye. Na penye mti wa mswaki, kama pwani, nao hufaa ukitafunwa hadi ulainike na kusuguliwa hadi kwenye ufizi.

Zamani watoto wengi wenye selimundu barani Afrika walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na aliyefariki na meno ya utoto hakuhitaji kuzibwa gego. Hali hiyo inabadilika. Tangu mwaka 2004 Muhimbili imekuwa ikifuatilia wagonjwa kwa maelfu, na dawa ya haidroksiyurea hupunguza mashambulio, ingawa kwa baadhi huleta vidonda vya kinywa ambavyo navyo vyahitaji kutazamwa. Wagonjwa sasa wanafika kidato cha nne, chuo kikuu na makazini. Kwa sababu hiyo hapana budi kliniki za selimundu ziwe na siku ya daktari wa meno angalau mara mbili kwa mwaka, na kadi ya mgonjwa iwe na nafasi ya kuandika hali ya kinywa kando ya kiwango cha hemoglobini. Nafasi hiyo ni mstari mmoja tu wa wino, na kioo cha kutazamia meno hakihitaji umeme.