Tupime Nyumba Zetu, Kusi na Kaskazi

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu, Gede, Takaungu na Kilifi mjini, mpango wa kujenga mtambo wa nyuklia Uyombo, katika kaunti yetu, ulituamsha kuuliza habari za mnururisho. Tuliulize na hili: vyumbani tunamolala mna nini sasa hivi?

Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Huzaliwa na urani iliyomo ardhini, ikapanda kupitia nyufa za sakafu. Ikivutwa kwa miaka mingi huleta saratani ya mapafu, na wavuta sigara ndio walio hatarini zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza bekereli 100 kwa mita ya ujazo kuwa kiwango cha tahadhari majumbani.

Lakini gesi hii haitulii. Kusi ikivuma na madirisha yakiwa wazi, hupeperushwa. Maleleji yakiingia, hewa ikasimama, hujikusanya. Masika ndiyo ya kuangaliwa sana: mvua hujaza maji matundu ya udongo uani, gesi ikakosa pa kutokea, ikafuata udongo mkavu ulio chini ya nyumba. Usiku nasi tunafunga kila kitu kwa kuogopa mbu na wezi. Anayepima saa tisa alasiri, milango wazi, atasema nyumba ni salama. Angekuja alfajiri huenda angesoma namba nyingine kabisa.

Nyumba nazo hazifanani. Paa la makuti hupitisha hewa. Chumba kilichozibwa kwa ajili ya kiyoyozi huibana. Kuta za udongo zaweza kutoa thoroni, ndugu yake radoni, ndiyo maana watafiti walizipima nyumba za udongo za Mrima, kule Kwale, kwenye mwamba wenye thoriamu nyingi. Kwetu pia tupimiwe.

Mtu mmoja hawezi. Kila mtaa uchague nyumba za udongo, za matumbawe na za ghorofa, pamoja na madarasa. Humo vitundikwe vipimo vidogo vya plastiki visivyohitaji umeme, miezi mitatu ya kusi na miezi mitatu ya kaskazi. Tupeleke ombi moja, lenye saini zetu, kwa Bunge la Kaunti na Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, na tukiombe Chuo Kikuu cha Pwani kitupe wataalamu. Matokeo yasomwe barazani, kwa Kiswahili, mbele ya wenye nyumba.

Wazee wa mitaa, walimu, maimamu na wachungaji, anzeni kuandikisha nyumba kabla ya masika. Na usiku wa leo, mwenye dirisha lenye wavu wa mbu aliache wazi.